Leza kwenye makovu ya chunusi: uchambuzi wa kisa cha bibi harusi mmoja

Mwanamke mwenye umri wa miaka 29, mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam, alifika kliniki ya ngozi akiwa ameshaamua anachokitaka: mashimo yaliyoachwa na chunusi mashavuni mwake yaondolewe kwa leza kabla ya harusi yake, ambayo ilikuwa imebakiza wiki tano. Alikuwa ameona picha za watu waliotibiwa nchi za nje, alikuwa ameweka akiba, na alifuatana na mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia kamati ya harusi. Mhusika huyu nimemjenga kutokana na hali zinazojirudia kliniki na si mgonjwa mmoja anayeweza kutambuliwa, lakini maamuzi yaliyofanywa kumhusu ni yale yanayopaswa kufikiriwa kwa kila mtu mwenye ngozi nyeusi anayetaka tiba hii. Ninachotaka kukionyesha kupitia kisa chake ni kwamba, kwa ngozi kama yetu, matokeo ya leza huamuliwa na maandalizi na muda kuliko ukubwa wa mashine, na kwamba daktari anayekubali kuharakishwa na tarehe ya sherehe anamweka mgonjwa wake hatarini.

Uchunguzi ulianza kwa kuangalia makovu chini ya taa iliyowekwa ubavuni mwa uso, kwa sababu mwanga unaopiga moja kwa moja kutoka mbele huficha kina cha kovu. Kisha ngozi ya shavu ilivutwa taratibu kwa vidole viwili. Mabonde mapana yaliyoonekana karibu na taya yalitoweka ngozi ilipokazwa, ishara kwamba yanashikiliwa na nyuzi zinazoivuta ngozi kutoka chini. Mashimo yenye kingo zilizosimama, ambayo ndiyo yaliyokuwa mengi katikati ya mashavu, yalipungua kina bila kuisha. Vitundu vyembamba na virefu, vilivyokaa karibu na pua, havikubadilika hata kidogo. Aina hizi tatu hukutwa pamoja kwenye uso mmoja mara nyingi, na kila moja huitikia tiba kwa namna yake: leza hufanya kazi nzuri kwenye mashimo yenye kina cha wastani, husaidia kiasi kwenye mabonde, na hufanya kidogo sana kwenye vitundu vyembamba, kwa kuwa mizizi yake imezama kupita pale leza inapoweza kufika kwa usalama. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hii mapema atakihesabu kila kitundu kilichobaki kuwa ni ushahidi kwamba ametapeliwa.

Leza zinazofanya upya uso wa ngozi hulenga maji yaliyomo ndani ya seli. Ile ya kaboni dayoksaidi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na ile ya erbiamu ya YAG nanomita 2,940. Mwanga huo ukinywewa na maji ya ngozi, tishu huchemka na kugeuka mvuke kwa muda mfupi mno, na mwili huanza kuponya jeraha hilo kwa kutengeneza kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi uimara. Katika miaka ya 1990 uso mzima ulikuwa ukichubuliwa kwa wakati mmoja. Matokeo yalikuwa makubwa, lakini wekundu ulidumu kwa miezi, na wapo waliobaki na ngozi iliyofifia rangi daima. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, nchini Marekani, akiwemo Rox Anderson, walieleza njia ya kugawa mwanga wa leza katika safu nyembamba zisizogusana, ili kati ya safu na safu ibaki ngozi nzima ambayo seli zake huponya sehemu zilizojeruhiwa. Njia hiyo ya mgawanyo ndiyo iliyofungua mlango kwa watu wenye ngozi nyeusi, japo haukufunguka wote.

Mizani ya Fitzpatrick, iliyoanzishwa mwaka 1975, hugawa ngozi kwa jinsi inavyoitikia jua. Mwanzoni ilihusu ngozi nyeupe, na madaraja ya V na VI, yanayobeba wengi wetu, yaliongezwa baadaye. Mwalimu huyu alikuwa daraja la V. Leza inayolenga maji haiitafuti melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi rangi yake, kwa hiyo mtu anaweza kudhani rangi ya ngozi haihusiki. Lakini joto linalosambaa pembeni mwa kila safu na uvimbe unaofuata huzichokoza seli zinazotengeneza rangi, nazo hujibu kwa kumwaga melanini kupita kiasi. Hapo ndipo hutokea madoa meusi yanayofuata jeraha, yale yale ambayo kila mwenye chunusi anayafahamu. Jambo ambalo wasiokuwa wataalamu hulikosea ni kudhani kwamba hatari hiyo inatokana na nguvu ya mwanga peke yake. Kwa ngozi yenye rangi, idadi ya safu zinazopigwa katika eneo moja ina madhara zaidi kuliko kina cha kila safu, kwa kuwa safu zikibanana sana joto hukosa pa kutokea. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni safu chache kwa kila awamu, awamu nyingi zaidi, na mapumziko marefu katikati.

Lakini kikwazo kikubwa katika kisa hiki hakikuwa rangi ya ngozi. Mikono ya mgonjwa ilipotazamwa, vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kuliko uso, na mashavuni, chini ya lensi, ilionekana mishipa midogo ya damu iliyotanuka ambayo kwa kawaida haionekani kwenye ngozi ya rangi yake. Alipoulizwa anapaka nini, alijibu kuwa anatumia krimu ya kawaida ya kung'arisha, aliyochanganyiwa na dada wa duka la vipodozi, na kwamba ameitumia kwa miaka miwili. Huo ni mkorogo. Yaliyomo ndani yake hayajulikani, lakini krimu za namna hiyo hukutwa na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli, kemikali ya kufifisha rangi iitwayo haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na zebaki hudhuru figo, lakini bado vinauzwa, na wanaovinunua hawajioni kuwa wanatumia dawa. Ndiyo maana swali la "unatumia dawa gani?" halitoshi, na mgonjwa anapaswa kuombwa aje na kila kopo lililoko mezani mwake.

Nalisisitiza hili kwa sababu leza ikipigwa juu ya ngozi iliyodhoofishwa na steroidi, hesabu zote huharibika. Ngozi hiyo ni nyembamba, huchelewa kufunga jeraha, hushikwa na maambukizi kwa urahisi, na seli zake za rangi, zilizokuwa zimekandamizwa kwa miaka, huamka kwa pamoja dawa inapoachwa. Vilevile haifai kumwambia mgonjwa aache siku hiyo hiyo kisha kumwacha apambane peke yake, kwa kuwa ngozi iliyozoea steroidi hulipuka: huwasha, huwaka moto, hujaa vipele, na mwenyewe akijiangalia kwenye kioo hurudi dukani. Mgonjwa huyu alipunguziwa hatua kwa hatua, akapewa losheni isiyo na manukato, na akaelezwa mapema kwamba uso wake ungekuwa mbaya kabla ya kuwa mzuri.

Maswali mengine yalipita haraka. Hakuwa na historia ya makovu ya nundu, yaani kiloidi, wala kwa ndugu wa damu. Angekuwa nayo, leza ya kuchubua ingeondolewa kwenye mjadala. Hakuwahi kutumia vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, ambavyo kwa desturi huwafanya madaktari wasubiri hadi miezi sita kabla ya kuchubua ngozi kwa kina, ingawa kwa taratibu nyepesi muda huo siku hizi umelegezwa. Aliwahi kupata malengelenge ya mdomo yanayoletwa na virusi vya hepesi, kwa hiyo angehitaji vidonge vya asiklova kuanzia kabla ya tiba hadi ngozi itakapofunga, kwa sababu virusi hivyo vikiamka juu ya uso uliochubuliwa huenea na kuacha makovu mapya. Alikuwa bado na chunusi mbichi kidevuni. Na kwa kuwa alikuwa anaolewa, aliulizwa pia kuhusu mpango wa kupata mtoto, swali ambalo lilimshangaza mpaka alipoelezwa kuwa leza ya urembo huahirishwa wakati wa ujauzito na kwamba baadhi ya dawa za chunusi na za madoa hazifai kwa mama mjamzito.

Mazungumzo kuhusu tarehe ndiyo yaliyokuwa magumu. "Daktari, si umesema ngozi inafunga ndani ya wiki moja?" aliuliza mama mdogo. Ni kweli inafunga, lakini kufunga si kupona, na wiki ya tatu hadi ya tano ndipo madoa meusi hujitokeza kwa ngozi ya namna hii. Tiba ingefanyika wiki ile aliyofika kliniki, bibi harusi angefika siku yake akiwa na mashavu meusi kuliko alivyoanza, na kolajeni aliyoilipia ingekuwa bado haijajengwa, kwa maana kazi hiyo huendelea kwa miezi mitatu hadi sita. Ilipendekezwa kwamba leza isubiri, chunusi mbichi zitibiwe, na siku ya harusi mpambaji afanye kazi yake juu ya ngozi isiyo na jeraha. Binti alilia kidogo. Naona inafaa kuandika hilo, kwa kuwa makovu ya uso si jambo dogo kwa aliye nayo, na mtu anayeambiwa asubiri anastahili kupewa sababu kamili na mpango wenye hatua, wala si kukatazwa tu.

Alirudi baada ya harusi, mkorogo ukiwa umeachwa na chunusi zikiwa zimetulia, na tiba ilianza bila leza. Nyuzi zilizokuwa zikivuta mabonde ya tayani zilikatwa kwa sindano iliyopitishwa chini ya ngozi. Vitundu vyembamba viliguswa ndani, kimoja kimoja, kwa ncha ya kijiti iliyochovywa asidi ya trikloroasetiki yenye ukali mkubwa, njia ambayo mikononi mwa asiyejua huzaa shimo kubwa kuliko lile la kwanza na ambayo kamwe haifanywi nyumbani. Baada ya hapo leza ilijaribiwa kwenye kipande kidogo cha ngozi mbele ya sikio, mahali ambapo doa lingejificha, kisha pakaachwa kwa wiki sita. Jaribio hilo hurukwa mara nyingi kwa sababu halileti fedha wala halionyeshi matokeo ya kupendeza, lakini ndilo linalotoa jibu ambalo mizani yoyote ya rangi haiwezi kutoa: ngozi ya mtu huyu hasa itafanya nini. Yake ilipata weusi hafifu uliopotea wenyewe.

Ni lazima niseme pia kwamba mgonjwa alielezwa njia mbadala. Tiba ya sindano ndogo nyingi, inayotoboa ngozi bila kuichoma, huamsha kolajeni vilevile, na kwa kuwa haina joto, hatari ya madoa ni ndogo. Kwa makovu mepesi ya mtu wa daraja la V au VI, mimi ningeanza na hiyo. Mwalimu huyu alikuwa na mashimo yenye kingo ngumu kiasi cha kuhalalisha leza, na aliichagua akijua anachokichagua.

Siku ya tiba yenyewe haina mengi ya kueleza. Krimu ya ganzi ilipakwa na kufunikwa kwa karibu saa moja, kwa kipimo kilichohesabiwa, kwa sababu ganzi nyingi ikipenya kwenye damu huweza kudhuru moyo na ubongo. Macho yalifunikwa kwa ngao za chuma, na mashine ya kufyonza moshi iliwekwa karibu na uso. Upigaji ulichukua chini ya nusu saa. Mgonjwa alihisi michomo ya haraka inayofuatana na harufu ya nywele zinazoungua, na alipomaliza uso ulikuwa mwekundu, umevimba, na unawaka kwa saa kadhaa, hali iliyotulizwa kwa vitambaa vya baridi na kwa kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa.

Siku tatu za mwanzo ngozi ilitoa majimaji na vitone vya damu. Aliiosha taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akaipaka mafuta mgando mara nyingi ili isikauke, na hakupaka kitu kingine chochote: si sabuni ya kunukia, si limau, si asali, si mshubiri uliokatwa shambani, ingawa kila jirani alikuwa na ushauri wake. Siku ya nne ndiyo iliyomtisha. Uso mzima ulijaa nukta ndogo za kahawia zilizopangwa kwa safu, unakwaruza, mtu akiutazama kwa karibu ni kama ameuona kupitia chandarua. Kila nukta ilikuwa kichwa cha safu moja ya leza, tishu iliyokufa inayosukumwa nje na ngozi mpya iliyoko chini, na kazi pekee ya mgonjwa ilikuwa kutoibandua. Kufikia siku ya saba nyingi zilikuwa zimedondoka. Aliambiwa kwamba maumivu yanayopaswa kupungua kila siku yakianza kuongezeka baada ya siku ya tatu, au kukitokea usaha, malengelenge, vidonda vilivyojitenga, au homa, asisubiri miadi. Maambukizi ya bakteria, fangasi au hepesi yakiwahiwa hutibika, na yakicheleweshwa huacha kovu. Kwake hakuna lililotokea isipokuwa vipele vidogo vyeupe vilivyoletwa na mafuta mengi, navyo viliisha mafuta yalipopunguzwa.

Alirudi darasani baada ya siku kumi, ingawa uso ulikuwa bado una wekundu uliochanganyika na weusi. Mwisho wa wiki ya nne madoa yalijitokeza kama ilivyotarajiwa, mabaka ya kahawia nzito kwenye sehemu za juu za mashavu. Pamoja na kwamba alishaelezwa, alipiga simu akiwa na hofu, na hofu hiyo ni ya kweli: mtu aliyelipa ili awe na uso mzuri anajiona amepaka doa juu ya shimo. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote, kwa kurudi kwenye mkorogo. Yeye alipewa asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka inayofifisha madoa, iliyochaguliwa kwa sababu hakuwa na uhakika kama angechukua mimba miezi hiyo na dawa hiyo haina tatizo kwa mjamzito, na ratiba ya kujikinga na mwanga ilikazwa. Weusi ulianza kupungua mwezi wa pili na ukawa umefifia karibu wote mwezi wa nne. Awamu iliyofuata haikufanyika mpaka hapo, jambo lililorefusha tiba kuliko ratiba ya wiki nne hadi nane iliyozoeleka.

Kuhusu jua, Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta, na mwalimu husimama paredi asubuhi na kutembea uwanjani mchana. Losheni ya kujikinga na jua ya kiwango cha 30 au zaidi hupakwa kwa wingi wa mistari miwili iliyojaa, yenye urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, na kurudiwa kila saa mbili mtu akiwa nje. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada ambalo maduka mengi hayaliambii: mwanga wa kawaida unaoonekana, si mionzi ya urujuanimno peke yake, huongeza madoa, na kinachouzuia ni losheni yenye rangi iliyotiwa oksidi ya chuma. Kofia pana, mwavuli na ushungi husaidia sana na havina gharama kubwa. Joto la jiko la mkaa nalo si jema kwa ngozi inayopona, kwa hiyo alipunguziwa zamu ya mapishi kwa wiki za mwanzo, na mume wake alikubali. Nchini kwetu kinga ya jua imezoeleka kuhusishwa na ndugu zetu wenye ualbino, na ni fahari kwamba losheni ya Kilisun kwa ajili yao imekuwa ikitengenezwa kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Lakini mwenye melanini nyingi aliyetoka kupigwa leza anaihitaji kinga hiyo kwa sababu yake mwenyewe.

Awamu tatu zilifanyika kwa jumla, na kutoka siku ya kwanza kliniki hadi picha za mwisho ulipita zaidi ya mwaka mmoja. Picha zilipigwa mahali pale pale, kwa taa ile ile ya ubavuni, bila vipodozi, kwa kuwa taa ikibadilika kidogo tu kovu huweza kuonekana limepona ilhali lipo. Mashimo ya katikati ya mashavu yalipungua kina waziwazi na kingo zake zikalainika. Mabonde ya tayani yaliinuka, kazi ambayo kwa maoni yangu ilifanywa na sindano zaidi ya leza. Vitundu vya karibu na pua vilikuwa vifupi lakini vichache kati yake bado vilionekana. Ngozi haikurudi ilivyokuwa kabla ya chunusi, na hakuna awamu itakayoirudisha hapo.

Mgonjwa aliomba awamu ya nne yenye safu nyingi zaidi, akitaka kumaliza kabisa. Ombi hilo lilikataliwa kwa namna lilivyoletwa, kwa sababu kuongeza msongamano wa safu kungeirudisha hatari ile ile iliyoepukwa tangu mwanzo kwa ajili ya faida ndogo, wakati kolajeni ya awamu ya tatu ilikuwa bado inajengwa. Waliafikiana kwamba vitundu vilivyobaki virudiwe kwa asidi peke yake, kimoja kimoja, na kwamba suala la leza lifunguliwe tena miezi sita baada ya awamu ya mwisho, iwapo picha mpya zitaonyesha kuna la kuongeza na iwapo wakati huo hatakuwa mjamzito.